Sanaa na malezi ya tabia katika Uwanda wa Makonde

Katika Uwanda wa Makonde, kusini-mashariki mwa Tanzania, malezi ya tabia kwa njia ya sanaa yana majina mawili ya zamani: jando kwa wavulana na unyago kwa wasichana. Huko Newala, Kitangari na Masasi iliyo chini upande wa magharibi, Wamakonde, Wamakua na Wayao waliwafunda watoto wao kwa ngoma, nyimbo, mafumbo na vinyago muda mrefu kabla ya ubao na chaki.

Jandoni na unyagoni

Kambi ya jando Wamakonde huiita likumbi. Mwari, yaani mtoto anayefundwa, hutengwa na nyumbani akawa chini ya mlezi wake. Msichana naye huwa na mlezi wa kike, kungwi. Hotuba ni chache. Fumbo huimbwa, wari huitikia, kisha hufunuliwa maana yake: adabu kwa wakubwa, uvumilivu, usafi, wajibu wa mke na mume. Wimbo usipoingia, hurudiwa, ngoma ikiupigilia mwilini.

Somo zito kuliko yote limo ndani ya kinyago. Lipiko, kwa wingi mapiko, huchongwa kwa mti mwepesi, mara nyingi hutiwa nywele za mtu na chale za usoni, na mchezaji wake hufunikwa mwili mzima. Mtoto ambaye hajaingia jandoni huambiwa kuwa huyo ni mzimu, naye hutimua mbio. Siku ya kufunuliwa, chini ya kinyago hutokea mtu wa kijijini. Tangu hapo kijana huyo ni mmoja wa watunza siri, na alichokuwa akikikimbia kimekuwa amana yake.

Wageni na jando

Wamisheni wa Kianglikana walifika Masasi mwaka 1876. Mwaka 1906 Mjerumani Karl Weule alipita Masasi na Newala, akapiga picha za ngoma na kurekodi nyimbo kwa fonografu. Vincent Lucas, askofu wa kwanza wa Masasi (1926–1944), alichukua njia ambayo wamisheni wengi waliiogopa: hakulipiga marufuku jando, bali alilitia sala na mafundisho ya Kikristo, akaondoa yale ambayo kanisa halikuyakubali.

Mpingo

Uchongaji una shule yake. Kijana hukaa na mchongaji, mara nyingi ndugu yake, akianza na kazi ndogo kama kupiga msasa kabla ya kuaminiwa tezo na patasi. Mpingo ni mgumu, na kipande kilichokatwa vibaya hakirudi. Mwenye pupa huharibu gogo zima.

Mtindo unaoitwa ujamaa, au dimoongo, huhusishwa na Roberto Yakobo Sangwani, mchongaji aliyetoka Msumbiji. Watu wengi huchongwa katika gogo moja, huyu amembeba yule, wa chini akiwashikilia wote. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, lililotangaza siasa ya ujamaa, jina la ujamaa lilishika kwa sababu kila mtu aliona linachokisema.

Shuleni

Serikali nayo ilichota katika kisima cha sanaa hizi. Sindimba, ngoma ya Wamakonde, ilipandishwa majukwaani na kikundi cha ngoma cha taifa, na Chuo cha Sanaa Bagamoyo kikafunguliwa mwaka 1981. Shule za msingi zilipata somo la Haiba na Michezo, jina lililokiri kwamba tabia hujengwa pia uwanjani.

Uhusiano wa shule na jando na unyago una mikwaruzo. Kambi zilizokuwa ndefu sasa hubanwa ndani ya likizo za shule, na unyago unalaumiwa kwa kuwafundisha mambo ya ndoa wasichana walio wadogo mno. Lawama hiyo ina haki: umri wa kuchezwa na mafunzo ya unyagoni vinastahili kurekebishwa. Lakini njia yenyewe, ya kumfunda mtoto kwa wimbo anaouimba na wenzake, haina kosa. Walimu wanaofundisha uwandani hukutana darasani na watoto ambao wengi wao wamekwisha kufundwa kwa ngoma.