Jina Lililokatwa kwa Mkasi

Tarehe 10 Januari 1927, mjini Berlin, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza filamu ya Metropolis, iliyoongozwa na Fritz Lang. Mwandishi wa hadithi yake alikuwa mkewe, Thea von Harbou. Ilikuwa filamu bubu, yenye urefu wa mita 4,189, yaani muda wa saa mbili na nusu hivi. Yasimulia habari za mji mkubwa wa siku zijazo, ambamo matajiri hukaa juu maghorofani na wafanya kazi hukaa chini ya ardhi wakiitumikia mitambo.

Kampuni ya Paramount ya Marekani iliiona filamu hiyo kuwa ndefu mno, ikampa mwandishi wa tamthilia, Channing Pollock, kazi ya kuipunguza na kuyaandika upya maneno yaliyotiwa kati ya picha. Ujerumani nako iliondolewa katika majumba ya sinema, ikarudi Agosti mwaka uo huo ikiwa imekatwa zaidi ya sehemu moja ya tano.

Kati ya yaliyotupwa, sisi walimu wa lugha twavutiwa zaidi na jina moja: Hel. Huyu ndiye mwanamke aliyependwa na mvumbuzi Rotwang, kisha akaolewa na Fredersen, mtawala wa mji, akafa alipokuwa akimzaa mwanawe Freder. Rotwang alimjengea sanamu nyumbani mwake, na yule mwanamke wa chuma alimwunda ili awe badala ya marehemu. Lakini jina Hel likisomwa na Mwingereza hukaribia mno neno lake la jehanamu. Basi likafutwa, na sanamu ikafutwa pamoja nalo. (Mwenye mkasi hakukosea sana kuhusu asili ya neno, kwani katika ngano za kale za kaskazini mwa Ulaya Hel ni mtawala wa kuzimu.) Lilipotoka jina, ilitoka na sababu. Rotwang akabaki mwendawazimu mwenye kuunda mitambo, na chuki yake kwa Fredersen haikuwa na mwanzo. Wataalamu wengi waliandika juu ya udhaifu wa hadithi ile, wasijue kwamba walikuwa wakiuhukumu mkasi.

Nakala ndefu ilikuwa imesafirishwa Argentina mwaka 1928, kabla haijapotea kwingineko. Ilipita mikononi mwa mkusanyaji wa filamu, baadaye ikanakiliwa katika ukanda mwembamba wa milimita 16, mikwaruzo na uchafu wake ukanakiliwa pia. Hatimaye ikafika katika jumba la makumbusho ya sinema la Buenos Aires, na hapo ikakaa kimya. Mwanahistoria Fernando Martín Peña aliwahi kusikia malalamiko ya mtu wa klabu ya filamu: kwamba aliwahi kuionyesha Metropolis huku akiushikilia ukanda kwa kidole mashineni kwa zaidi ya saa mbili. Peña akashangaa, maana nakala zilizojulikana hazikufika muda huo. Manung'uniko ya kidole kilichochoka yakawa ushahidi! Mwaka 2008 yeye na Paula Félix-Didier, mkurugenzi wa jumba hilo, waliufungua mkebe na kuziona picha zilizodhaniwa zimepotea, za dakika 25 hivi.

Kuzirudisha mahali pake hakukuwa kazi ya kubahatisha. Muziki ulioandikwa na Gottfried Huppertz kwa ajili ya filamu hiyo ulikuwa na alama nyingi zilizoonyesha ni picha gani iende na sauti gani, na warekebishaji wakazifuata alama hizo. Tarehe 12 Februari 2010 filamu ilionyeshwa tena Berlin, sehemu zilizopatikana zikitambulikana kwa mistari ya mikwaruzo.

Sehemu mbili hazikuweza kuokolewa, nazo zaelezwa kwa maandishi tu. Ya kwanza ni mahubiri ya mtawa kanisani. Ya pili ni pale Fredersen na Rotwang wanapokamatana na kupigana, ugomvi wao juu ya Hel ukiwa nyuma yao miaka yote hiyo.