Utata wa Asili ya Idi Amin
Idi Amin Dada, aliyeitawala Uganda kwa mabavu kuanzia 1971 hadi 1979, hakuacha tawasifu. Wengine husema alizaliwa Koboko, wengine Kampala. Mwaka hutajwa kuwa 1925 au 1928.

Baba yake alikuwa Mkakwa aliyesilimu, mama yake Mlugbara, mganga wa mitishamba. Kwa kuwa mama huyo husimuliwa kuwa aliwatibu watu wa kasri la Buganda, ulizuka uvumi kwamba baba halisi wa mtoto ni Kabaka (mfalme wa Buganda) Daudi Chwa. Uvumi huo haujathibitishwa kamwe, na haustahili kuandikwa kama historia.

Wazazi walitengana, akalelewa upande wa mama. Shule aliipata kidogo tu. Maisha yake yanaanza kufuatilika vizuri 1946, alipoingia jeshi la kikoloni la King's African Rifles (KAR), kama mpishi msaidizi.