Kwa Nini Usimimine Vitamini C Kwenye Losheni Yako ya Jua

Tuseme umenunua losheni yenye SPF 30, na nyumbani una unga wa vitamini C na vidonge laini vya vitamini E. Wazo linakujia: si nichanganye tu humo humo, nipake mara moja niondoke? Wazo lenyewe si la kijinga. Kuna watu wamelihangaikia maabara kwa miaka mingi. Ila ukifuata safari yao, utaona kwa nini hiyo chupa uiache kama ilivyo.

Turudi nyuma kidogo. Ukikata parachichi ukaliacha wazi, linageuka jeusi. Ukilipaka limau, linachelewa. Albert Szent-Györgyi, mwanasayansi wa Hungaria, alivutiwa na swali la aina hiyo hiyo: kwa nini mimea mingine hubadilika rangi ikijeruhiwa na mingine haibadiliki? Mwaka 1928 alitenga kitu ambacho baadaye kiligundulika kuwa ndicho vitamini C, na mwaka 1937 akapata Tuzo ya Nobel. Siri ya vitamini hii ni kwamba hukubali kuoksidishwa yenyewe ili vilivyo jirani vipone. Hiyo ndiyo kazi ya antioksidanti.

Ngozi nayo ina shida kama ya parachichi. Mionzi ya urujuanimno inapoipiga, huzaliwa radikali huru, yaani molekuli zinazopora elektroni kwenye mafuta, protini na hata DNA. Losheni ya jua huzuia sehemu kubwa ya mionzi, lakini si yote. Je, antioksidanti inaweza kushughulikia kile kinachopenya? Mwaka 1992, Sheldon Pinnell na wenzake wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walionyesha kuwa vitamini C ikipakwa kwenye ngozi ya nguruwe, hupunguza madhara ya mionzi hiyo.

Basi kazi ikaisha? Hapana, hapo ndipo ilipoanza. Vitamini C ikiwa ndani ya maji huharibika upesi kwa hewa na mwanga. Mwaka 2001 kundi hilo likaonyesha kwamba ili ipenye ngozini, mchanganyiko lazima uwe na asidi ya kutosha, pH chini ya 3.5. Mwaka 2003 wakaunganisha vitamini C asilimia 15 na vitamini E asilimia 1, wakapata kinga ya mara 4. Mwaka 2005 wakaongeza asidi ya feruliki, inayopatikana kwenye mimea: mchanganyiko ukatulia zaidi, kinga ikafika karibu mara 8.

Hesabu: miaka 13, kwa ajili ya kimiminika kinachojitegemea, nje ya chupa ya losheni ya jua.

Sasa rudi kwenye chupa yako. Namba ya SPF hupimwa kwa losheni kama ilivyotoka kiwandani, ikipakwa miligramu 2 kwa kila sentimita mraba. Losheni ni mafuta na maji yaliyoshikanishwa kwa ustadi. Ukitia kitu kingine, mshikamano unaweza kuachia na kinga ikakaa kwa mabaka. Kama kichujio chake ni oksidi ya zinki, asidi huiyeyusha. Ubaya ni kwamba huoni kitu: rangi ile ile, harufu ile ile, lakini ile 30 haina tena maana.

Kwa mtu mwenye ualbino, suala hili si la urembo. Ngozi yake ina melanini kidogo sana au haina kabisa, na saratani ya ngozi ni hatari ya kweli. Ndiyo maana pale KCMC, Moshi, hutengenezwa losheni ya Kilisun kwa ajili yao. Losheni yenye mapengo kwake inaweza kumgharimu maisha.

Kwa hiyo vitumie vyote viwili, ila kwa zamu. Tangulia na vitamini C iliyotengenezwa kwa ajili ya ngozi, isubiri ikauke, kisha paka losheni ya jua juu yake, ya kutosha, bila kuichanganya na chochote.