Mji Mkongwe wa Zanzibar: Kujenga Upya na Kutunza



Historia nililipenda somo hili hapa shuleni, na nikalifuata hadi chuo kikuu. Leo nimechagua kueleza habari za Mji Mkongwe wa Zanzibar. Kwangu mimi mtumishi wa serikali, mji huo una funzo kubwa juu ya namna vyombo vya umma na washirika wao wanavyoweza kuinua uchumi wa mji uliochoka.

Zanzibar iliishi kwa karafuu kwa zaidi ya karne moja. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 bei ilianguka, kwani Indonesia, iliyokuwa mnunuzi mkubwa, ilikwisha kupanda mashamba yake yenyewe. Hapakuwa na budi kutafuta njia nyingine ya mapato, na utalii ukawa njia hiyo.

Lakini mtalii angeonyeshwa nini? Majumba mengi yaliyochukuliwa na Serikali baada ya Mapinduzi ya 1964 yalikuwa na wapangaji wengi, kodi ndogo na matengenezo haba. Majumba hayo yamejengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Maji yakipenya darini, boriti huoza na ghorofa huporomoka. Ukiziba ufa kwa saruji, unyevu hufungika ndani ya ukuta na kuzidisha ubovu.

Mwaka 1985 Serikali iliunda Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe, isimamie ujenzi na ukarabati. Mwaka 1994 ikatungwa sheria ya uhifadhi na uendelezaji wa mji. Washirika nao wakaja. Taasisi za Aga Khan zilikarabati Zahanati Kongwe, jumba lililoanzishwa na Tharia Topan mwaka 1887, na jengo la zamani la simu za nje likafunguliwa kuwa hoteli mwaka 1997. Mwaka 2000 UNESCO iliuingiza mji katika Urithi wa Dunia. Bustani ya Forodhani ikafuata, ikatengenezwa upya mwaka 2008 na 2009. Serikali ilitoa majengo na sheria, mshirika akatoa fedha na utaalamu, na mafundi wa Zanzibar wakapata kazi ya chokaa.

Hata hivyo, hadithi hii ina upande wa pili. Beit el-Ajaib, jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883, liliporomoka sehemu mwaka 2012. Tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katika matengenezo, upande mkubwa wa mbele ulianguka na watu wawili wakafa.

Hapo ndipo penye funzo. Ukarabati ni sherehe ya siku moja, una mgeni rasmi na jiwe la ufunguzi. Utunzaji ni kazi ya kila mwaka: kusafisha mifereji ya paa, kubadili boriti moja, kupaka chokaa. Kazi hiyo haina jiwe la ufunguzi, na wafadhili wanaoipenda ni wachache. Isipowekwa katika bajeti, fedha za mwanzo hupotea bure.

Basi ndugu zangu, nasi tunapochangia majengo ya shule yetu, tutenge fungu la kuyatunza. Nanyi wanafunzi, mkiona dari linavuja, msingoje ukuta uanguke. Semeni mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta.