Mnyororo Bila Mkono: Kuzisoma Sarafu za Kumbukumbu za Uingereza

Najua wapo wenzangu watakaocheka. "Huyu naye, riwaya zimekwisha maktaba mpaka ahakiki chenji?" Naomba wanivumilie kidogo. Tumefundishwa kwamba kazi ya sanaa ina fani na maudhui, ina msimulizi, wahusika na hadhira. Sarafu ya kumbukumbu inavyo vyote hivyo, ila imebanwa katika kipande cha chuma kinachoenea kiganjani. Msanii aliyebanwa hivyo hana budi kuchagua la kusema na la kunyamazia. Makala hii inahusu hasa hayo yaliyonyamaziwa.

Tuanze na historia yenyewe. Kwa muda mrefu sarafu za kumbukumbu za Waingereza zilikuwa habari za ikulu: mwaka 1935 ilitolewa ya miaka 25 ya utawala wa George wa Tano, mwaka 1953 ikatolewa ya kutawazwa kwa Elizabeth wa Pili. Mwaka 1965 akaingia Winston Churchill, aliyekuwa amefariki Januari ya mwaka huo huo, naye hakuwa mfalme. Mlango ukafunguka. Mwaka 2003 peni 50 iliwakumbuka wanawake waliopigania haki ya kupiga kura. Mwaka 2005 ikaja ya Samuel Johnson, miaka 250 tangu kamusi yake ya 1755, na juu yake yakaandikwa maelezo ya maneno mawili kutoka kamusi hiyo: hamsini, na peni. Yaani sarafu inajifasili yenyewe! Mwaka 2012 uso wa Charles Dickens ulichorwa kwa majina ya vitabu vyake. Ukitazama harakaharaka unaona mtu, ukisogeza jicho unaona maktaba.

Lakini geuza upande wa pili. Kuna nani? Mtawala. Elizabeth wa Pili alikaa upande huo mpaka alipofariki mwaka 2022, na sasa yupo Charles wa Tatu. Awe Dickens, wawe wanawake waliofungwa jela na serikali ya mfalme, wote wanasimuliwa mgongoni mwa kiti cha enzi. Wahusika wanabadilika, mwenye hadithi habadiliki. Hilo ni jambo la fani, lakini linabeba maudhui.

Tena hadithi hiyo inaandikwa upya kila inapobidi. Mwaka 1973 Uingereza ilipojiunga na Jumuiya ya Uchumi ya Ulaya, peni 50 ilionyesha mikono tisa iliyoshikana duara, mkono mmoja kwa kila nchi mwanachama. Ilipojitoa tarehe 31 Januari 2020, ilitoka peni 50 nyingine. Mikono haipo, yamebaki maneno matupu ya amani, ustawi na urafiki na mataifa yote. Na kabla ya hapo zilikwisha fuliwa sarafu kiasi cha milioni 1 zenye tarehe 31 Oktoba 2019, siku ambayo walitegemea kutoka wasitoke. Zikayeyushwa. Nani alisema historia ni mambo yaliyokwisha kutokea?

Mwaka 2016, miaka 400 tangu kifo cha Shakespeare, zilitolewa sarafu tatu za pauni 2: kofia ya mchekeshaji kwa tamthilia za kuchekesha, fuvu na ua waridi kwa tanzia, taji na jambia kwa zile za kihistoria. Ni kazi nzuri, sibishi. Ila sisi tumesoma Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969. Katika jina la Kiingereza mfanyabiashara ni mmoja. Mwalimu akamfanya wengi, tena akawaita mabepari. Hakuongeza kitu katika hadithi. Aliisoma tu akiwa amesimama upande wake. Basi nami naomba ruhusa hiyo hiyo kwa sarafu moja, ile ya pauni 2 ya mwaka 2007.

Ilitolewa kuadhimisha miaka 200 ya sheria ya kukomesha biashara ya watumwa. Katikati imeandikwa 1807, na ile sifuri imefanywa pete ya mnyororo uliokatika. Taswira inakaa kichwani mara moja, nami nakiri ilinigusa. Kisha nikajiuliza: nani ameukata? Mkono hauonekani. Yamebaki maandishi yanayotaja sheria, kwa hiyo msomaji anajibiwa kwamba mkataji ni Bunge. Haiti, ambako watumwa waliasi mwaka 1791 na kupata uhuru mwaka 1804, haimo. Samuel Sharpe, aliyeongoza uasi wa Jamaica mwaka 1831 na kunyongwa mwaka uliofuata, hayumo. Na sheria ya 1807 ilikataza biashara tu, utumwa wenyewe ukaendelea katika makoloni hadi sheria ya 1833. Hapa pwani kwetu soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873.

Sasa tuje kwenye hela, maana tunaongea habari za hela. Sheria ya 1833 ilitenga pauni milioni 20 za fidia, kama asilimia 40 ya matumizi ya serikali kwa mwaka. Walilipwa nani? Wenye watumwa! Watumwa hawakupata hata peni. Sehemu kubwa ya fedha hizo ilikopwa, na Hazina ya Uingereza yenyewe imekiri kwamba deni hilo lilimalizika kulipwa mwaka 2015. Fanya hesabu, ndugu msomaji. Mwaka 2007, mlipa kodi wa London alitembea na sarafu ya mnyororo uliokatika mfukoni, huku kodi yake ikiendelea kulipia fidia ya mabwana.

Mtu atasema namwonea msanii, eti nafasi ni finyu. Mbona mwaka 1973 mikono tisa ilienea? Isitoshe, ubavuni mwa sarafu hii ya 2007 limewekwa swali la wapinga utumwa, mtumwa akiuliza kama yeye si mtu na ndugu. Sauti yake imepata nafasi, lakini ni nafasi ya pembeni, na hata hapo anaomba. Hakati.

Shilingi yetu ya mwaka 1966 ilikuwa na mkono ulioshika mwenge. Nayo upande wa pili ilikuwa na kichwa cha Rais, kwa hiyo tusijione tumevuka mto. Lakini mkono ulikuwepo, na mtoto aliyetumwa dukani aliuona. Uhakiki uanzie hapo: kuuliza ni mkono wa nani, na pale usipoonekana, kuuliza ameuondoa nani.