Banalia: namna hesabu za ugonjwa zinageuka mchoro wa kusaidia kuamua

Tarehe 8 Septemba 2021, serikali ya Kongo ilitangaza mlipuko wa meninjiti, yaani homa ya uti wa mgongo, huko Banalia, jimbo la Tshopo. Siku ile walihesabiwa watu 261 walioshukiwa kuwa na ugonjwa, na 129 kati yao walikuwa wamekwisha kufa. Karibu nusu! Kufikia mwisho wa mwaka, walioshukiwa walipita 2,500, na vifo vilipita 200: karibu 8 kwa wagonjwa 100.

Juu ya nini tofauti kubwa hivi? Matunzo yanaokoa watu, ndiyo. Lakini kuna pia namna ya kuhesabu. Mwanzoni mwa mlipuko, wanaoandikwa sana ni walio hoi ao waliokufa. Timu zikipita kijiji kwa kijiji, hata wagonjwa wasio hoi wanaingia kwenye orodha. Namba moja peke yake inaweza kudanganya.

Hesabu zinatoka wapi?

Rele wa kijiji anapasha habari kituo cha afya. Kila juma kituo kinatuma hesabu kwa ofisi kuu ya zoni ya afya, nayo inazituma Kisangani, kisha Kinshasa. Zikikusanyika, zinakuwa maelfu ya mistari ambayo hakuna mtu anaweza kusoma na kuelewa yote. Ndiyo maana programu kama DHIS2 inazigeuza kuwa michoro.

Michoro mitatu ya kujua

1. Mchoro wa majuma. Unaonyesha kama ugonjwa unapanda ao unashuka. Ni vizuri ufuate siku mtu alipoanza kuumwa. Ukifuata siku alipoandikwa, timu ikileta orodha ya wagonjwa wa zamani, itaonekana kama ugonjwa umelipuka juma hilo.

2. Hesabu kwa wakaaji. Kwa meninjiti, wagonjwa 3 kwa wakaaji 100,000 katika juma moja ni alama ya hatari. 10 ni mlipuko. Tuseme zoni moja ina wakaaji 50,000 na wagonjwa 5: imefika 10. Nyingine ina wakaaji 200,000 na wagonjwa 8: iko kwa 4 tu. Yenye wagonjwa wachache ndiyo inahitaji chanjo mbele.

3. Ramani. Inaonyesha dawa na timu ziende wapi. Lakini angalia: mahali peupe kwenye ramani si lazima pawe pazima. Labda mvua imekata barabara, ao hakuna rezo ya simu, na ripoti haikufika. Ramani nzuri inaweka rangi moja kwa «hakuna mgonjwa» na nyingine kwa «hakuna ripoti». Kuzichanganya ni kuacha kijiji kife kimya.

Wewe msikilizaji ufanye nini?

Mtu akipata homa kali, kichwa kikimuuma sana na shingo ikikauka, mpeleke kituo cha afya upesi. Sema kijiji chake, umri wake na siku alipoanza kuumwa: hayo matatu yanasaidia kujenga michoro. Na kwenye kikao cha CODESA, ombeni kuonyeshwa mchoro wa eneo lenu. Kama eneo lenu liko peupe, ulizeni: hatuna wagonjwa, ao ripoti yetu haijafika?