Wanakulenga Bekihandi Kila Gemu? Hivi Ndivyo Utabloki na Kujibu

Kwa tebo tenisi ya mtaa sheria inajulikana: meza ni moja, wasee ni kumi, mshindi anabaki. Ukichapwa unatoka na kupanga laini upya, na hiyo laini inaweza kukula saa nzima. Iwe ni ukumbi wa vijana Kangemi, social hall Kawangware ama hosteli ya chuo hapa tao, story ni ile ile.

Na kitu kinatoa wasee wengi kwa meza mapema ni bekihandi. Mpinzani akishajua huo upande umelala, hatakuchapa kwingine. Hii hapa njia ya kuufunga, halafu kuugeuza uwe silaha.

Bloki ni nini, kaunta ni nini?

Bloki ni kurudisha shambulizi ukitumia nguvu ya yule amelipiga. Wewe unaweka ukuta tu. Kaunta ni kushambulia juu ya shambulizi lake: mkono unasonga, na mpira unarudi na moto kuliko venye ulikuja.

Wengi huona bloki ni ya waoga. Zii. Jan-Ove Waldner wa Uswidi alishinda dhahabu ya Olimpiki Barcelona 1992, na bloki ilikuwa moja ya vitu alijulikana navyo zaidi. Bloki poa inamlazimisha jamaa apige tena akiwa amechelewa. Mpira wake wa pili ukikuja dhaifu, hapo ndio kaunta inaingia. Kwa hivyo ziweke kichwani kama shambulizi moja lenye hatua mbili.

Mbona usiswingi mkono mzima

Meza ina urefu wa mita 2.74. Mpira ukikuja kwa kasi ya mita 15 kwa sekunde, unavuka meza yote kwa chini ya sekunde 0.2. Ukirudisha raketi hadi kwa mbavu ndio uanze kupiga, mpira umeshakupita. Hiyo ndio shida ya wasee wengi: si mkono dhaifu, ni mkono mrefu.

Simama fiti kwanza

Miguu ipite upana wa mabega kidogo, magoti yakunjwe, uzito uwe mbele ya nyayo. Raketi ikae mbele ya tumbo, juu ya usawa wa meza. Kiwiko kiwe mbele ya mbavu, kisibanwe kwa mwili. Shika raketi kama unamsalimia mtu, bila kuifinya.

Mpira ukikuja pembeni, songa kwa hatua ndogo. Ukinyoosha mkono bila kusonga miguu, pembe ya raketi inaharibika na mpira unaenda kwa majirani.

Jinsi ya kubloki

Kwanza soma mkono wa jamaa. Raketi yake ikitoka chini kwenda juu, hiyo ni spini ya juu: mpira unajiviringisha kuelekea mbele, na ukigusa raketi iliyo wazi utaruka juu. Hiyo ndio unabloki. Raketi yake ikishuka kutoka juu kwenda chini, hiyo ni spini ya chini, na ukiibloki itaanguka kwa neti. Hiyo isukume na raketi iliyofunguka, ama uinyanyue kutoka chini.

Ukishajua ni spini ya juu, fanya hivi:

1. Inamisha uso wa raketi mbele kidogo. Spini ikiwa nzito, inamisha zaidi.
2. Gusa mpira mapema, ukiwa ndio unapanda baada ya kudunda upande wako. Ukingoja ushuke, umepoteza kasi yote ya bure.
3. Sukuma mbele sentimita chache tu, kama unafunga droo.
4. Legeza vidole wakati wa kugusa. Mkono mgumu unarusha mpira mbali.
5. Rudisha raketi katikati mara moja. Huyo jamaa hajamaliza.

Mpira ukitoka nje, inamisha raketi zaidi ama ulegeze mkono. Ukigonga neti, ifungue kidogo. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, la sivyo hutajua ni gani imesaidia.

Kuna kitu cha Nairobi pia. Jiji liko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari, na hewa hapa ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Hewa nyepesi haipunguzi kasi ya mpira vile, na spini haiuvuti chini sana. Kwa hivyo ukitoka Pwani na uone bloki zako zinapitiliza meza, usipanic. Inamisha raketi kidogo tu.

Sasa geuza iwe kaunta

Usipige kaunta kila mpira. Ngoja ule umekuja juu kidogo, ama polepole, ama karibu na tumbo lako. Mingine endelea kubloki.

Mwendo unatoka kwa kiwiko. Kiwiko kinabaki pale pale na mkono wa mbele unafunguka kama mlango, halafu kifundo kinamalizia. Gusa mpira juu kidogo ya katikati yake, ukiwa karibu kufika kilele. Mkono uende mbele zaidi kuliko juu, na umalize raketi ikielekeza pale ulilenga. Ukiona mwili wote umezunguka, umetumia nguvu mob sana, na mpira ujao utakupata umegeuka.

Lenga kiwiko cha jamaa

Wasee hupenda kurudisha bekihandi kwa bekihandi, na huko ndiko mpinzani amejipanga. Jaribu kiwiko cha mkono wake wa kucheza. Mpira ukifika hapo, lazima achague haraka kati ya fohandi na bekihandi, na mara nyingi anajikunja. Akishaanza kuulinda huo upande, mpe ya kunyooka, kando kabisa ya fohandi yake.

Mazoezi ya wiki bila kocha

Fika mapema kabla mbogi ijae. Unahitaji mwenzako mmoja tu.

- Siku ya kwanza: yeye apige spini ya juu kwa bekihandi yako, wewe ubloki tu. Lengo ni bloki 20 bila kukosa. Ukikosa, anza moja.
- Siku ya pili: bloki mbili, kaunta moja. Kaunta ya kwanza iwe nusu ya nguvu yako.
- Siku ya tatu: bloki ile ile, lakini moja kwa kiwiko, moja kwa kona ya fohandi.
- Siku ya nne: yeye apige popote anataka. Hapa ndio utajua kama miguu inasonga.

Hakuna mwenzako? Simama mbele ya kioo na urudie mwendo wa kaunta mara 50, polepole. Meza zile hukunjika katikati pia zinasaidia: inua nusu moja iwe ukuta na ujibloki mwenyewe.

Raketi nayo?

Si lazima utoboe mfuko. Lakini raba ikishakuwa laini na kung'aa kama kioo, haishiki mpira. Bloki itaenda, kaunta ya spini itakataa. Futa raba na kitambaa chenye maji kidogo kila ukimaliza, na usiache raketi kwa jua. Mima Ito wa Japani, mshindi wa dhahabu ya wachezaji wawili mchanganyiko Olimpiki ya Tokyo, hutumia raba ya vipele vifupi kwa bekihandi. Raba hiyo haisumbuliwi sana na spini ya mpinzani, lakini jifunze na ya kawaida kwanza.

Anza na bloki 20. Ukizifikisha, yule jamaa hukutoa kwa meza kila Jumamosi akikulenga bekihandi, mwache alenge. Sai yeye ndiye atapanga laini.